Baba anataka kuacha vidonge vya melioidosisi kabla ya miezi mitatu: naomba ushauri

Mtoto wa Kwanza aliandika:

Ndugu zangu, nawasalimu na ninaomba ushauri. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 58 na mgonjwa wa kisukari kwa muda mrefu, alijikata kisigino kwa jembe akilima peku msimu wa mvua. Kidonda kilifunga, lakini baada ya wiki mbili alishikwa na homa kali, kikohozi na jasho la usiku, tukadhani ni kifua kikuu. Makohozi yalipimwa mara mbili bila kuonyesha kitu. Damu ilipooteshwa maabara ndipo tukaambiwa ni melioidosisi, ugonjwa wa bakteria wanaoishi kwenye udongo na maji ya matope. Alilazwa siku 16 akitundikiwa dripu za seftazidimu, dawa ya kuua bakteria, kisha akapewa vidonge vya kotrimoksazoli vya miezi mitatu.

Sasa yuko wiki ya tano, homa hana, mwili umerudi, naye anasema vidonge vinamtia kichefuchefu na haoni sababu ya kumeza dawa ilhali amepona. Jana nilipotandika kitanda chake nilikuta vidonge sita vimefungwa kwenye karatasi chini ya godoro. Je, akiacha kuna hatari gani? Mama anayemuuguza anaweza kuambukizwa? Tena tuna mbuzi wanaolala kando ya shamba hilo hilo, na mmoja anayenyonyesha amevimba kiwele upande mmoja.

Muuguzi wa Wodini alijibu:

Pole sana, ndugu yangu. Nakusihi usikubali mzee aache dawa. Dripu huvunja makali ya ugonjwa, lakini bakteria hawa, Burkholderia pseudomallei, hujificha ndani ya seli za mwili, na vidonge ndivyo vinavyowafuata huko. Ndiyo maana mgonjwa anayekatisha vidonge ndiye hasa ambaye ugonjwa humrudia. Yupo mtu aliyetekwa na Wajapani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ambaye ugonjwa ulimzukia baada ya miaka 62.

Hata hivyo kichefuchefu si cha kupuuzwa. Ameze dawa baada ya kula, na mrudi kliniki mkaeleze, wala msipunguze dozi wenyewe. Ombeni apimwe figo na potasiamu, yaani madini ya kwenye damu, kwa sababu dawa hii huweza kuvipandisha vipimo hivyo, na mwenye kisukari huweza kuwa na figo dhaifu. Akitokwa na vipele mwilini, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu mama, kuambukizana kati ya mtu na mtu ni nadra mno. Asiguse tu usaha kwa mikono mitupu, hasa akiwa na mchubuko.

Mfugaji wa Siku Nyingi alijibu:

Mwanangu, mimi nashika suala la mbuzi. Mbuzi na kondoo huugua ugonjwa huu kwa urahisi kuliko ng'ombe, na bakteria wenyewe wanaishi kwenye udongo na maji ya matope. Kiwele huvimba kwa sababu nyingi, hivyo usimhukumu mnyama kabla daktari wa mifugo hajachukua sampuli ya maziwa. Mtenge leo, maziwa yake yasinywewe, na jipu lolote usilipasue mwenyewe. Ikithibitika ndiyo yenyewe, jiandae kumpoteza, kwani kumtibu mnyama huchukua muda mrefu na mara nyingi ugonjwa hurudi. Najua inauma. Wanaobaki walale mahali pakavu palipoinuka, wanywe maji safi, na mzee asirudi shambani bila buti na glavu.

Fundi wa Maabara alijibu:

Naongeza jambo moja. Baba akipata homa tena, hata baada ya miaka, mtaje ugonjwa huu mapema kwa kila daktari atakayemwona, na maabara ijulishwe kabla ya kupokea sampuli. Bakteria hawa huweza kudhaniwa ni wengine wasio na madhara, na dawa zinazotolewa kwa kawaida, kama penisilini na jentamisini, kwa kawaida haziwawezi.

Mtoto wa Kwanza aliandika:

Nawashukuru sana wote. Asubuhi nimemsomea baba habari za yule mateka, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Miaka sitini na miwili?" Amekula, amemeza vidonge mbele yangu, na Jumatatu tunakwenda kliniki. Mbuzi nimemtenga, daktari wa mifugo anakuja kesho.