Mrejesho: bash, zsh au fish?

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu sheli (programu inayopokea amri unazoandika na kuziendesha) ya kutumia, bash, zsh au fish, mimi ninayetunza seva za Debian za ofisi yetu hapa Jinja kwa kompyuta mpakato yenye Ubuntu (zote mbili ni aina za Linux). Asanteni sana kwa majibu.

Nimechagua fish kwa kazi ya mkono tu. Inapendekeza amri kutoka kwenye historia kwa rangi ya kijivu, nabonyeza mshale wa kulia, imekamilika. Kwa mtu anayeandika njia ndefu za mafaili kutwa nzima, hiyo ni nafuu kubwa, na haidai kusanidiwa.

Aliyeonya kwamba fish haifuati POSIX, yaani kanuni za pamoja za sheli, alisema kweli: ukitaka x iwe 1, x=1 inakataliwa, lazima uandike set x 1. Ila skripti zangu za zamani (mafaili ya amri zilizopangwa) haziguswi, kwani mstari wa kwanza, #!/bin/bash, ndio unaoamua nani azisome. Kwa wanaoandika #!/bin/sh, kumbukeni kwenye Ubuntu tangu 2006 na Debian tangu 2011 hiyo ni dash, sheli nyingine ndogo, si bash. Mabano ya [[ ]] ya kupima masharti na safu (orodha za thamani ndani ya kigeu kimoja) hazifanyi kazi humo. Mtumiaji root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, nimemwachia bash.

Zsh ni nzuri pia, na wenye Mac wanayo kama chaguo-msingi tangu 2019.

Kijana wetu wa mafunzo nimemwanzisha na bash, maana ndiyo atakayoikuta karibu kila seva ya Linux.