Uso unang'aa mafuta ila unavuta, hii ni ngozi kavu au?

mama_junior_ngaramtoni
Habari zenu wapendwa. Hii baridi ya mwezi wa saba huku Arusha imenikomesha. Nikishanawa tu uso unavuta kama unataka kupasuka, nikicheka naona vimistari chini ya macho, ila ikifika saa sita paji na pua vinang'aa mafuta mpaka tishu inaloa. Dukani wakaniambia ngozi yako kavu paka mafuta ya mgando, napaka na chunusi ndo zinazidi. Sasa kavu gani hii yenye mafuta?

chalii_wa_sakina
kunywa maji dada

shangazi_njiro
Maji anywe ila hayo peke yake hayatengenezi uso. Mdogo wangu hiyo sio ngozi kavu, imeishiwa maji tu. Ngozi kavu ni maumbile, haitoi mafuta ya kutosha, utaona hata miguu inapauka mwaka mzima na usoni huwezi kung'aa hata uzunguke Kilombero sokoni juani. Kuishiwa maji kunampata yeyote, hata mwenye mafuta kama wewe, na kunaisha. Mafuta ya mgando hayana maji ndani, yanazuia yaliyopo yasitoke, sasa kama hakuna yanazuia nini? Unanawia nini?

mama_junior_ngaramtoni
Sabuni ya mche dada, na maji ya moto, bila hivyo asubuhi hapaogeki huku 😂

shangazi_njiro
Ndo hapo sasa. Ngozi ina asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi, chini ya 7 ni asidi, juu yake ni kinyume chake) kama 5, sabuni ya mche inafika 9 hadi 10, ongeza maji ya moto na upepo mkavu, maji yanatoka yote. Mwili oga vuguvugu, uso asubuhi maji matupu, jioni sabuni laini ya uso. Usijifute ukakauka, uso ukiwa bado na unyevu paka glisirini uliyoizimua na maji, kidogo tu, halafu losheni nyepesi. Glisirini ukiipaka nzito inanata, ukishuka kwenye bodaboda umeota udongo usoni.

mmachame_halisi
Ila kama inawasha, ina mabaka au inapasuka mpaka damu msihangaike na losheni, hapa Moshi pale hospitali ya KCMC kuna RDTC, kituo cha magonjwa ya ngozi, wao kazi yao ngozi. Na kama ulishapaka mkorogo waambie, wengi wanaficha.

mama_junior_ngaramtoni
Mkorogo hapana jamani. Glisirini naipata duka la vipodozi?

shangazi_njiro
Nenda famasi, chukua isiyo na marashi.