Mathayo 1: nifundisheje orodha ya majina bila watu kusinzia?

Msomaji_wa_Malindi
Bwana asifiwe wapendwa. Jumuiya yetu hapa Malindi inaanza Injili ya Mathayo wiki ijayo. Watu 15 hivi, wengi vijana, na muda ni saa moja. Kila mtu anataka turuke majina twende moja kwa moja mstari wa 18. Sitaki kuruka, ila nikisoma "akamzaa, akamzaa" nitawalaza. Naomba msaada kwa mambo matatu. Tumaini na ukombozi viko wapi kwenye orodha hii? Pili, mstari wa 17 unasema vizazi 14 mara tatu, mbona kundi la mwisho napata 13? Tatu, Mathayo anasema baba yake Yusufu ni Yakobo, Luka anasema ni Eli. Hilo najua nitaulizwa tu.

Mwalimu_Manila
Nenda dukani ununue karatasi za manila, ukate kadi 41, jina moja kila kadi. Ziko 41, si 42, na ndipo swali lako la pili linapotoka. Wagawie wazipange ukutani kwa gundi ya karatasi, wewe usome polepole. Dakika 15 zinatosha. Mtu akishashika kadi ya Aminadabu mkononi hasinzii.

Hesabu yenyewe: Ibrahimu mpaka Daudi ni 14. Ukianza la pili na Sulemani, unafika Yekonia ni 14, halafu Shealtieli mpaka Yesu ni 13. Hapo ndipo wengi hukwama. Sasa soma mstari wa 17 vizuri: "hata Daudi", kisha "tangu Daudi". Daudi ametajwa pande zote mbili, kwa hiyo mhesabu mara mbili. Daudi mpaka Yosia, 14. Yekonia mpaka Yesu, 14. Na kwa Kiebrania herufi za jina Daudi zikijumlishwa kama tarakimu ni 4+6+4, yaani 14. Wengi huona ndiyo sababu ya namba hiyo, lakini Mathayo hasemi, basi nawe usiape.

Kisha wafungulie 1 Mambo ya Nyakati 3:11-12 walinganishe na kadi. Watagundua Mathayo ameruka wafalme watatu: Ahazia, Yoashi na Amazia. "Yoramu akamzaa Uzia", kumbe Uzia si mwanawe. Mwana ni Ahazia, mjukuu Yoashi, kitukuu Amazia, kilembwe ndiye Uzia, ambaye huko anaitwa Azaria. Kijana mjuaji atasema Biblia imekosea. Mrudishe mstari wa 1: Yesu "mwana wa Daudi, mwana wa Ibrahimu". Mwana hapo ni mzao, na kuzaa ni kuzaa ukoo. Kwa hiyo usitumie orodha hii kupigia hesabu ya miaka ya dunia, utaharibu somo zima.

Dakika nyingi ziweke kwa mfalme Yekonia, ambaye pia huitwa Konia au Yehoyakini. Yeremia 22:24-30 inasema hata angekuwa pete ya muhuri mkono wa kuume wa Mungu angeng'olewa, na aandikwe kama mtu asiye na watoto, kwamba hakuna wa uzao wake atakayeketi kiti cha Daudi. Akachukuliwa Babeli mwaka 597 KK. Kwa mwanadamu ukoo umeishia hapo. Sasa 2 Wafalme 25:27-30: mwaka wa 37 wa uhamisho anatolewa gerezani na kula mezani pa mfalme. Vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Babeli vinataja mgawo wa mafuta kwa mfalme huyo wa Yuda na wanawe 5. Aliyeandikwa hana watoto, hesabu ya ghala la adui ndiyo inayowalisha watoto wake! Malizia na Hagai 2:23, ambapo Zerubabeli, mjukuu wake, anaambiwa atafanywa kama pete ya muhuri. Pete ileile. Hapo nyamaza kidogo, waache waone wenyewe.

Mama_Shule_ya_Jumapili
Mwalimu amemaliza wanaume, niongeze wanawake. Kadi za Tamari, Rahabu, Ruthu na "yule mke wa Uria" zikate kwa rangi nyingine, zibandikwe ubavuni.

Kosa la kwanza la wahubiri wetu ni kusema wote wanne walikuwa wenye dhambi. Ruthu alikosa nini? Na kwa Tamari, Yuda mkwewe aliyezaa naye anakiri mwenyewe kwenye Mwanzo 38:26 kwamba mwanamke ana haki kuliko yeye. Kosa la pili ni kusema Wayahudi hawakuandika wanawake kwenye nasaba kabisa. Tamari yumo 1 Mambo ya Nyakati 2:4. Kinachoshangaza ni uchaguzi: Sara hayumo, Rebeka hayumo. Na ona Bathsheba hatajwi jina, anatajwa mumewe aliyeuawa. Mathayo ameipitisha dhambi ya Daudi mbele ya kila msomaji, na Uria Mhiti akabaki ndani ya ukoo wa Masihi ingawa hakumzaa mtu.

Kwa vijana jaribu pia hili. Kumbukumbu la Torati 23:2 inamzuia mwana wa haramu kuingia mkutanoni mpaka kizazi cha kumi. Waambie wahesabu Ruthu 4:18-22 kuanzia Peresi, mtoto wa Tamari. Wa kumi ni Daudi. Biblia haiunganishi mistari hiyo miwili, ni wafafanuzi waliounganisha, kwa hiyo lisemwe kama jambo la kutafakari. Lakini huku kwetu neno "mwana wa haramu" lina uzito, wapo watakaolisikia kwa sikio lao.

Msafiri_wa_Lamu
Salamu kutoka Lamu. Huku nasaba si mchezo, masharifu wana zao mpaka kwa Mtume, na jirani Mwislamu atakuuliza swali la maana: Isa bin Mariamu hana baba, mbona mnampitishia Yusufu?

Jibu liko mstari wa 16, ila Kiswahili chetu kinalificha. "Yusufu mumewe Mariamu aliyemzaa Yesu": huyo *aliyemzaa* ni nani? Sarufi yetu haitofautishi mume na mke, mtu anaweza kudhani ni Yusufu. Kwa Kigiriki kirejeshi hicho ni cha kike, cha mmoja: ni Mariamu. Mara 39 orodha imesema fulani akamzaa fulani, ikifika kwa Yusufu inakata. Kisha mstari wa 25, Yusufu anampa mtoto jina. Kumpa jina ni kumkubali kama wake, na ndivyo Yesu anavyoingia nyumba ya Daudi kisheria. Jirani yako mtakubaliana kuhusu kuzaliwa na bikira, mtatofautiana mbele kidogo.

Kuhusu Eli na Yakobo. Julius Africanus, karne ya 3, alisema walikuwa ndugu wa mama mmoja, baba mbalimbali. Eli akafa bila mtoto, Yakobo akamrithi mjane, akamzaa Yusufu: damu ni ya Yakobo, jina la Eli (Kumbukumbu la Torati 25:5-6). Wengine husema Luka anaandika ukoo wa Mariamu, lakini maandishi yanamtaja Yusufu, kwa hiyo mimi la kwanza naliona jepesi zaidi. Kwa Malindi hulazimiki hata kueleza, habari ya kurithi mjane wazee wa Kigiriama wanaijua kuliko sisi.

Na wao pia ndio watakaoona jambo kwenye Luka 3:24 na 29: "Mathati, Lawi" inatokea mara mbili. Ni majina ya mababu yanarudi, kama Charo wa Karisa na Karisa wa Charo.

Mama_Shule_ya_Jumapili
Muda ukibaki, Mwanzo 5. Wape kazi moja tu: kila nikisema "akafa", pigeni kofi. Makofi 8. Kwa Henoko hakuna kofi, Mungu alimtwaa. Na Luka anaishia "wa Adamu, wa Mungu", mara tu baada ya ubatizo wa Yesu. Usiunganishe sana, saa moja ni fupi.

Msomaji_wa_Malindi
Asanteni sana. Mwanzo 5 nitaiweka wiki ya pili. Sasa kadi ya Daudi nifanye mbili?

Mwalimu_Manila
Moja tu, iandike pande zote mbili. Kundi la kwanza likiisha, igeuze.