Mrejesho: kipimo cha damu kabla ya mionzi ya mama

Asalaam aleikum. Mimi ndiye wa Malindi niliyeuliza kama kuna kipimo cha damu cha kutabiri nani ataumizwa zaidi na mionzi ya nyonga. Mama ana saratani ya shingo ya kizazi. Alhamdulillahi, kamaliza juzi: mara 25, wiki tano. Tulikaa Mombasa kwa mama mdogo, maana safari ya kila siku ingemmaliza kabla ya mionzi yenyewe.

Kipimo cha kawaida hospitalini bado hakuna. Watafiti wanaangalia sitrulini, kemikali inayotengenezwa na seli za utumbo mwembamba. Utando ukiumia, kiwango chake katika damu hushuka. Kingine ni limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu: zinapigwa mionzi maabarani, kisha wanahesabu zilizojiua. Zikifa chache ndipo hofu ya madhara ya baadaye huwa kubwa. Mimi nilidhani kinyume!

Ile damu aliyotolewa mama kila wiki haikuwa ya utabiri. Walikuwa wakiangalia chembe za damu na figo, kwa sababu ya sisplatini, dawa ya saratani aliyokuwa akipewa.

Kuhara kulianza wiki ya tatu. Mbaazi za nazi zikasimamishwa, akanuna kwelikweli, akala wali na samaki wa kuchemsha. Mkojo ungali unamchoma kidogo. Ataendelea na kliniki, kwani madhara mengine hujitokeza baada ya miezi, hata miaka.

Na yule aliyenishauri dawa ya "kusafisha damu", ahsante, sikununua.