Wakala alituambia kitambulisho cha NIDA kinatosha kushuka Mpulungu, nusu ya abiria wakaachwa Kasanga

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu na nimeuandika na hasira, nivumilieni. Jina la wakala silitaji kwa sasa kwa sababu suala la kurudishiwa hela bado liko mezani. Watu wa Mwanga, Gungu na Kibirizi mliokuwa kwenye lile grupu la WhatsApp mnamjua.

Tangazo lilisema hivi: meli inatoka Kigoma, inashuka kusini mwa Ziwa Tanganyika hadi Kipili na Kasanga, inavuka kutia gati Mpulungu upande wa Zambia, abiria wanashuka kutwa nzima, wanapelekwa kuona maporomoko ya Kalambo, kisha tunageuza. Chakula kimo, malazi yamo, na kwa herufi kubwa kabisa: VIBALI VYOTE VIMO. Haya maneno matatu ndiyo yaliyotutoa hela mfukoni.

Mimi pasi ninayo. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenivuta kwenye hii safari, hana. Akauliza kwenye grupu, mbele ya kila mtu: "Baba, sisi tusio na pasi inakuwaje?" Jibu ninalo kwenye simu mpaka leo: "Mama ondoa shaka, NIDA inatosha, sote ni Afrika Mashariki." Akaweka na kikatuni cha meli.

Nianzie hapo, maana kuna wenzetu hata baada ya kuumizwa bado wanaubeba huu uongo. Zambia haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi imo tangu 2007, Kongo imeingia 2022, Zambia sisi tunakutana nayo SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Na hata ndani ya Jumuiya yenyewe, waliokubaliana watu wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa ni Kenya, Uganda na Rwanda, mwaka 2014. Tanzania haikuwemo kwenye makubaliano yale. Mtu anauza safari ya kutoka nje ya nchi, anachukua hela za watu wazima, halafu hajui hilo? Mimi siamini kwamba hajui. Alijua akisema ukweli nusu ya viti vitabaki vitupu.

Na kinachoudhi ni kwamba jambo lenyewe ni jepesi. Mtanzania kwenda Zambia kutembea haombi viza. Anaonyesha pasi, anagongewa muhuri, anaingia. Asiye na pasi ipo hati ya dharura ya safari, ambayo raia anaiomba kwa ajili ya safari za nchi jirani kama hizi. Ilikuwa ni suala la kutuambia mapema tu.

Basi tukaondoka. Sitasema sana kuhusu meli, ilikuwa safi, pilau lilikuwa zuri, muziki ulikuwa juu mno. Kasanga ndipo mambo yalipoanza.

Kasanga ni kituo cha mwisho upande wetu kabla ya Zambia. Afisa wa uhamiaji akapanda, akaomba hati za safari za kila abiria. Kijana wa wakala, yule aliyekuwa anatupigia makelele ya "selfi, selfi" njia nzima, akamletea fungu la pasi na fungu la kadi za NIDA. Afisa akaziweka kadi pembeni bila hata kuzifungua. Akasema asiye na pasi wala hati ya dharura hagongewi kutoka, na asiyegongewa kutoka haendi na meli inayovuka mpaka. Kijana akajitetea eti hao watabaki vyumbani, hawatakanyaga Zambia. Afisa akamwangalia, akamwambia, "Meli ikifika kule na wao wamefika." Yule afisa simlaumu hata kidogo. Alikuwa mstaarabu, aliwaita akina mama "mama zangu", akawapa pole. Aliyetakiwa kuwa na aibu hakuwa na aibu.

Kwa hiyo shangazi yangu na wenzake wakateremshwa na mabegi yao. Kulikuwa na mama mmoja yeye ana pasi safi kabisa, ila amebeba kichanga cha miezi michache. Wakala alimwambia mtoto anayenyonya hahitaji chochote. Mtoto ni mtu, wakuu! Siku hizi kila mtoto anakuwa na pasi yake, mambo ya kumwandika kwenye pasi ya mama yamepitwa na wakati. Naye akabaki. Na kulikuwa na binti wa Kijerumani anayejitolea hapa mjini, ana viza ya kuingia Tanzania mara moja. Akaelezwa kwamba akitoka ameitumia, akirudi alipie nyingine. Hakuna aliyemwambia Kigoma. Akapiga hesabu zake, akashuka na akina mama.

Walioachwa hawakuandaliwa kitu. Sio chumba, sio sahani ya wali. Kijana wa wakala aliwaambia "tunarudi kesho, tulieni", kisha huyooo akapanda ngazi. Shangazi anasema walizunguka kwenye magofu ya boma la Wajerumani (enzi hizo Kasanga ikiitwa Bismarckburg) mpaka wakachoka, wakanunua samaki, na usiku wakapewa jamvi na familia moja pale iliyowaonea huruma. Watu waliolipia malazi!

Halafu jambo lililonifanya nisilale. Mto Kalambo ndio mpaka wenyewe. Yale maporomoko, maji yanayoanguka zaidi ya mita 200, upande mmoja Zambia, upande mmoja Tanzania, mkoa wa Rukwa, wilaya yenyewe inaitwa Kalambo. Unayaona ukiwa kwenu, kwa gari kupitia upande wa Matai, bila pasi, bila muhuri. Kama wakala angekuwa na nusu ya akili, wale wazee wangekodiwa gari na wangeyaona yale yale waliyolipia. Wao ndio walikuwa na nafasi ya kuyaona kuliko sisi tuliovuka. Na nitawaambia kwa nini.

Sisi wenye pasi tukajiona wajanja. Tumetia gati Mpulungu asubuhi, jua linawaka, tunaona maduka, tunaona watu wanapakua mizigo. Pasi zetu zilikusanywa zikatiwa kwenye katoni tupu la maji ya chupa. Akapanda afisa wa Zambia, akaomba orodha ya abiria. Wakala alikuwa ametengeneza orodha kwa kunakili majina ya grupu la WhatsApp. Nayasoma kama yalivyokuwa: "Mama Tatu". "Bosi Dagaa". "Mzee wa Kibirizi 2". "Salma Mauzo". Afisa anashika pasi ya mtu mzima imeandikwa majina matatu, anatafuta kwenye orodha, hayumo. Anauliza kwa upole, huyu Bosi Dagaa ni nani? Mzee mmoja ananyoosha mkono kama yuko darasani.

Mwanzo tulicheka. Baada ya hapo jua likapanda na hakuna aliyekuwa anacheka.

Nina mdogo wangu aliyewahi kufanya kazi kwenye meli za watalii za baharini, nilimsimulia akashika kichwa. Kule orodha ya abiria ndiyo kazi ya kwanza kabla hata ya chakula. Kuna mkataba wa kimataifa wa tangu 1965 wa kurahisisha usafiri wa baharini, unaitwa FAL, una fomu zake kabisa: jina, uraia, tarehe ya kuzaliwa, aina ya hati na namba yake, amepandia wapi, anashukia wapi. Wakala wa bandarini anaipeleka orodha kwa maafisa kabla meli haijafika, wao wanaipitia, meli ikifunga kamba mambo mengi yameshaisha. Mtalii anateremka na kadi yake ya meli, inasomwa mlangoni, huyo anakwenda kununua vinyago. Ndiyo maana ukiwaona wanashuka Zanzibar unadhani hawakaguliwi. Wamekaguliwa, tena sana, ila kuna mtu alifanya kazi yake mapema.

Na hata huko mtu akizembea anaumia. Abiria ana viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia mara moja, meli inatoka Italia inapita Tunisia au Uturuki, akirudi bandari ya Ulaya anahesabiwa anaingia upya, na viza yake imeshakwisha kazi. Meli haikupi uraia wa popote. Kila bandari ni nchi ya watu.

Kurudi Mpulungu. Majina ya kwenye kila pasi yakaandikwa upya kwa mkono, moja moja. Kisha ikazuka ya kadi ya njano, wengine wanazo, wengine hawana, wengine wamechanjwa juzi tu baada ya wakala kutuma ujumbe jioni kabla ya safari kwamba "wenye nafasi wakachanje". Ile chanjo ya homa ya manjano cheti chake kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na ukishachoma ni ya maisha. Ungetutangazia wiki tatu kabla tungechoma sote! Bahati afisa wa afya hakutaka makuu, alitoa onyo akatuachia.

Tulipoteremka, nahodha akatupa karibu saa moja, kwa sababu na kutoka nako kuna kugongewa na yeye alitaka kuwa nje ya bandari kabla ya giza. Kalambo ikafutwa pale pale. Nilikunywa soda moja, tena muuzaji alinionea huruma akapokea shilingi maana hata mtu wa kubadilisha kwacha hatukuelekezwa. Hiyo ndiyo "kutwa nzima Zambia" niliyolipia.

Sasa sehemu ambayo watu wa mikoa mingine hamtaielewa haraka. Wakala anajitetea hivi: "Mtu mzima anatakiwa awe na pasi." Sawa bosi. Pasi ya kawaida ni shilingi 150,000, inadumu miaka 10, fomu inajazwa mtandaoni. Kwenye karatasi ni rahisi. Ila sisi tunaishi Kigoma. Hapa mwisho wa reli, Muha mwenye jina linalofanana na la ng'ambo anaulizwa babu alizaliwa wapi, bibi alizikwa wapi, lete na cheti cha baba. Malalamiko haya wabunge wa mkoa huu wameyasema mpaka bungeni, sio siri. Ninaelewa historia, wakimbizi wamepita hapa 1972, 1993, 2015, mkoa wa mpakani lazima uangaliwe. Lakini maana yake ni kwamba mzee wa hapa anahitaji muda mrefu wa kujiandaa kuliko mtu wa Moshi au Tanga. Wakala ni mzaliwa wa hapa hapa. Analijua hili kama anavyojua njia ya kwao. Na bado akatuambia NIDA inatosha, akapokea hela, akasubiri afisa wa Kasanga ndiye aje awaambie wazee ukweli kwa niaba yake.

Na vile VIBALI VYOTE VIMO? Nimemuuliza. Anasema vilikuwepo, akanionyesha karatasi. Ni vibali vya meli. Meli iliruhusiwa kutia gati Mpulungu. Watu je? Kimya. Amenibloku.

NYONGEZA: Naona maswali yanajirudia, nijibu kwa pamoja.

Aliyeandika "wenye meli ndio wa kulaumiwa": hapana, meli ilikodiwa. Nahodha alitufikisha na kuturudisha salama.

Aliyeuliza "kwa nini hamkutoa kitu kidogo Kasanga": acha hizo. Ungempa afisa wa Kasanga, na wa Mpulungu ungempa nini? Na ungerudije?

Aliyesema shangazi angejiongeza mwenyewe: shangazi aliuliza. Kwa maandishi. Akajibiwa kwa maandishi. Mteja afanye nini tena, apande bodaboda mpaka Lusaka kuhakikisha?

Dada uliyeuliza kuhusu ile safari nyingine wanayoitangaza ya Kalemie na Uvira kule Kongo, usilipe hata senti mpaka akuandikie hati gani inatakiwa kwa kila nchi, nani anaandaa orodha ya abiria, na ukikwama mpakani nani analipia chumba. Akisema "usihofu", kimbia.

Tunachodai: walioachwa Kasanga warudishiwe nauli yote pamoja na gharama za kule. Tuliovuka turudishiwe hela ya Kalambo. Mama mwenye kichanga aombwe radhi, ana kwa ana. Tukikosa tunakwenda Tume ya Ushindani, na kwa wanaotoa leseni za mawakala wa utalii tukaulize kama huyu anayo.

Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana nje ya ofisi yake. Njooni na risiti, na picha ya tangazo kabla hajalifuta, na mwenye ile orodha ya "Bosi Dagaa" aichapishe nakala. Atakayezungumza ni shangazi.