Uliwahi kuchorwa sura? Tupeane uzoefu

Kijana wa Makorora
Wakuu, habari za jioni. Zile picha za penseli za mwalimu wa sanaa wa chuo cha wananchi mtakuwa mmeziona, wiki nzima zinazunguka kwenye magrupu: muuza kahawa, mama wa mihogo, fundi baiskeli. Zimenikumbusha siku niliyokaa mbele ya mchoraji nusu saa, shingo imekakamaa, mwisho akanikabidhi sura ya marehemu babu. Nyumbani wote waliipenda isipokuwa mimi. Nani mwingine kachorwa? Ilikuwaje?

Fundi Kioo
Shingo ndiyo mateso. Umenena.

Penseli 6B
Nilisoma kwa huyo mwalimu muhula mmoja. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuweka macho juu mno. Pima mwenyewe kwa kidole: kutoka utosini hadi kidevuni, macho yako katikati kabisa. Sisi tulikuwa tunachora watu wasio na paji la uso. Na picha ya mkaa haifutwi kwa raba, unafinyanga nyama ya mkate ndiyo unafutia. Wengine tulikuwa tunakula vifutio kabla kipindi hakijaisha.

Abuu
Mie sijachorwa na sitachorwa. Kiumbe mwenye roho hachorwi.

Kijana wa Makorora
Shekhe, na ile picha ya kitambulisho cha NIDA je?

Abuu
Ile dharura, tena imepigwa na mashine. Soma kwanza ndipo ubishane.

Mzee wa Ngamiani
Ya dini yana jukwaa lake, wanangu. Vyuo hivi vilipoanza 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na mfano wa Sweden, mtu alikwenda kusomea useremala, ushonaji, kilimo. Ungesema unakwenda kuchora nyuso za watu, baba yako angekuuliza unaumwa nini.

Mama Doti
Nilikuwa nasoma kimyakimya, lakini mmenitonesha. Mume wangu ni fundi wa nyavu, naye kachorwa. Mwalimu yule hakuiti darasani, anakufuata ulipo. Siku ya maonyesho nikavaa dera jipya, nikachukua na mashoga wawili, twende tukamwone baba watoto ukutani.

Na wallahi kachorwa akachoreka! Ule ukucha uliokufa wa dole gumba, sindano ya nyavu mkononi, hata anavyouma uzi kwa jino la pembeni. Shoga yangu akainama kusoma kikaratasi: "Fundi, nyumbani kwake." Nikatazama tena. Mlango wa nyuma yake una pazia la shanga. Mie kwangu sina pazia la shanga. Pembeni ya mlango kamba, na kwenye kamba kanga, jina linasomeka herufi kwa herufi: HASIDI HANA SABABU. Kipande changu! Miezi minne nakitafuta, nimemsingizia hadi mtoto wa jirani.

Fundi Kioo
Mama yangu weee. Navuta kiti.

Mla Mihogo
Chai hii. Kanga ya jina hilo wanayo nusu ya wanawake wa Tanga.

Mama Doti
Kwenye pindo pana alama ya pasi, umbo la mtumbwi. Niliiunguza mwenyewe usiku wa kuamkia Idi. Mwalimu kaichora nayo, na kivuli kaitia.

Penseli 6B
Hapo namwamini dada. Ukiacha doa alikuwa anakukata maksi. Alisema tusimsafishie mtu nyumba yake.

Baharia Mstaafu
Inunue hiyo picha, uichome.

Shangazi
Asichome! Ndiyo shahidi wake huyo. Aipeleke kwa wazee jinsi ilivyo.

Mla Mihogo
Mwalimu naye ana lake. Angeuliza kwanza nyumba ya nani.

Shangazi
Kaambiwa "karibu nyumbani", kaandika nyumbani. Ulitaka adai hati ya kiwanja?

Msafiri
Labda nipite haraka. Mama yetu alifariki kabla ya simu za kamera, tukabaki na picha moja ya pasipoti, imeliwa na unyevu upande mmoja. Mchoraji akaigawa kwa miraba midogo, akaihamishia kwenye karatasi kubwa mraba mmoja mmoja. Sikio la kushoto lilikuwa limefutika kabisa. Akamketisha dada yangu kwenye kigoda, akachora la kwake. Mpaka leo tukiingia sebuleni dada huwa anajigusa sikio.

Mzee wa Ngamiani
Mola amrehemu mama.

Baharia Mstaafu
Amina. Mama Doti umepotea wapi? Kanga ilirudi?

Mama Doti
Imerudi. Imefuliwa, imenyooshwa, inanukia udi nisioufukiza mie.