Baiskeli asubuhi, pangoni mchana, tukiwa ugenini: tupeane uzoefu

Ndugu wanachama, mimi ni mkazi wa Ujiji na nimekua nikibeba madumu ya mawese kwenye keria ya baiskeli. Ninaomba wale ambao wakiwa nje ya nchi walipanda baiskeli na kuingia pangoni siku moja watusimulie. Naanza mwenyewe.

Mwaka 2019 nilikwenda Musanze, kaskazini mwa Rwanda, kwa kupitia Kibondo, Nyakanazi na Rusumo, nikakodi baiskeli kwa kijana aliyekuwa akibebea abiria. Kilichonitesa zaidi ya vilima ni upande wa barabara, kwa kuwa Rwanda wanapita kulia nasi tumezoea kushoto. Penye magari mengi niliwafuata waliotangulia na sikupata shida. Hatari ilikuwa kwenye njia tupu, ambako baada ya kila kona nilijikuta nimerudi kushoto bila kujua, mpaka mama mmoja aliyejitwika viazi akanipigia kelele.

Mapango ya Musanze yana urefu wa kilomita 2 hivi, na huingii bila mwongozaji. Hayakutokana na maji kuyeyusha mawe ya chokaa, kama yale ya Amboni kule Tanga. Zaha ya volkano, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa joto, ilipoa na kuwa ngumu kwa juu, huku ya ndani ikiendelea kutiririka hadi ikaacha handaki tupu. Wenyeji walijificha humo nyakati za vita, na mwongozaji alilieleza jambo hilo kwa sauti ya chini sana. Niliingia na shati lililolowa jasho la kupanda vilima, na ubaridi wa mle ndani ulinitetemesha hadi nilipotoka; shati la pili lingenifaa kuliko kamera niliyoibeba.

Mwanachama wa Tabora: Kaka, mimi nilikuwa Vietnam, katika hifadhi ya Phong Nha-Ke Bang, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2003. Niliendesha zaidi ya kilomita 20 hadi pango la Thien Duong, ambalo lina kilomita 31, ingawa wageni wengi hutembea kilomita 1 tu juu ya njia ya mbao. Sisi wa Tabora tumezoea ardhi tambarare. Kwenye mteremko nilibana breki mfululizo hadi nikasikia harufu ya mpira kuungua, na mzee mmoja aliyekuwa kando ya njia akanionyesha kwa ishara ya mikono kwamba natakiwa kubana na kuachia.

Mwanachama wa Kasulu: Mimi ni muuguzi, na ninawasihi muwaogope popo. Mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi alifariki kwa virusi vya Marburg baada ya kuingia katika pango lenye popo nchini Uganda. Popo wala matunda wanaoishi mapangoni hubeba virusi hivyo, na ugonjwa huo umewahi kuingia kwetu, mkoani Kagera, mwaka 2023. Ulizeni kwanza kama pango lina popo. Mkiingia, msiguse kinyesi chao, na mnawe mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote.

Mwanzisha mada: Asante sana, dada. Musanze popo walikuwapo. Nilivaa kofia ngumu tu, nikashika kuta kwa mikono mitupu kila niliposhuka, kisha nilipotoka nikala muhogo wa kuchoma papo hapo mlangoni.